Kwotabeki aliyezuga kuteleza: fainali ya ACC, 2021

Kenny Pickett, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, hakupata wa kumpigia pasi, na ulinzi ulipomfungukia mbele yake akaamua kukimbia na mpira mwenyewe. Alipofika maeneo ya katikati ya uwanja, mabeki wa nyuma wa Wake Forest wakiwa wanamfuata kumfunga, alipunguza mwendo, akakunja magoti na kuuegemeza mwili nyuma kidogo, kama mtu anayetaka kukaa chini. Mabeki wakafunga breki. Yeye hakukaa. Akanyanyuka, akaongeza gia, akawapita wakiwa wamesimama wima na kukimbia hadi kwenye mstari wa goli. Kwenye takwimu liliandikwa bao la mbio za yadi 58, yaani kama mita 53. Filimbi haikulia.

Hiyo ilikuwa mapema katika robo ya kwanza, Jumamosi ya Desemba 4, 2021, ndani ya Bank of America Stadium mjini Charlotte, North Carolina. Ilikuwa fainali ya Atlantic Coast Conference, au ACC kama wengi wanavyoiita, mojawapo ya ligi kubwa za futiboli ya vyuo vikuu Marekani. Pitt, yaani Chuo Kikuu cha Pittsburgh, hawakuwa wametwaa taji hilo hata mara moja tangu wajiunge na ligi mwaka 2013. Wake Forest, chuo cha Winston-Salem katika jimbo hilohilo la North Carolina, walikuwa wanacheza karibu na kwao. Kila upande ulifika pale ukiwa umeshinda mechi 10 na kupoteza 2.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji mambo mawili tu ili aelewe kwa nini kitendo cha sekunde moja kilizua kelele za siku tano. La kwanza ni kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulio linapoanza, na ndiye anayeamua apige pasi, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Timu ikimpoteza kwotabeki wake mzuri, msimu wake kwa kawaida umekwisha. La pili ni kuteleza miguu mbele. Mwenye mpira akiona anakaribia kugongwa ana haki ya kujiachia chini kwa makalio, miguu ikitangulia. Akifanya hivyo mpira unakufa palepale, na hakuna anayeruhusiwa kumgonga. Ni njia ya kusema nimekoma, msiniumize.

Haki hiyo ina deni upande wa pili, na deni hilo ndilo kiini cha kisa chote. Anayeteleza yuko kwenye orodha ya wachezaji wanaohesabiwa kuwa hawawezi kujikinga. Beki akimgonga kichwani au shingoni, timu inarudishwa nyuma yadi 15 na beki mwenyewe anatolewa mchezoni. Adhabu ya kutolewa imekuwepo tangu 2013, na kwa sheria ya msimu ule ikitokea kipindi cha pili mchezaji alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi inayofuata. Hata asipomgusa kichwa, kumrukia mtu aliyekwisha kujisalimisha ni faulo ya yadi 15. Makocha wa ulinzi wametumia miaka wakiwafundisha vijana kwamba wakiona kwotabeki anashusha makalio, waache. Na kwa kasi ile hakuna muda wa kusubiri uone kama kweli atafika chini. Beki anayesubiri uhakika ameshachelewa kusimama.

Kwa hiyo mabeki wa Wake Forest hawakuzubaa. Walifanya walichofundishwa, na wakaadhibiwa kwa kutii. Naona watu wengi waliolijadili tukio hili walikosea hapo walipoliweka kapu moja na chenga nyingine. Futiboli ya Marekani imejaa ulaghai halali na hakuna anayeulalamikia. Kwotabeki anajifanya amempa mwenzake mpira kumbe bado anao. Mkimbiaji anapewa mpira, anaurudisha nyuma, na pasi ndefu inaruka juu ya vichwa vya mabeki waliokwisha kusogea mbele. Boise State waliwafunga Oklahoma kwenye Fiesta Bowl, mechi ya heshima ya baada ya msimu, Januari 2007, kwa ujanja wa zamani kabisa: kwotabeki akaigiza kurusha mpira kwa mkono mtupu, huku mpira wenyewe akiukabidhi kwa mkono mwingine nyuma ya mgongo wake. Oklahoma walidanganywa macho. Macho ya beki ni mali yake mwenyewe, akiyatumia vibaya shauri yake. Ila mabeki wa Wake Forest waliona sawasawa kabisa. Kilichotumiwa dhidi yao ni utii wao kwa sheria.

Sasa waamuzi. ACC hutumia waamuzi wanane uwanjani, na yeyote kati yao angeweza kupuliza filimbi. Sheria iliyokuwa inatumika msimu ule ilisema mpira unakufa pale mkimbiaji anapoanza kwa dhahiri kuteleza miguu mbele. Je, Pickett alianza? Ukimuuliza shabiki wa Wake Forest atakwambia alianza, ndiyo maana watu wakasimama. Ukimuuliza wa Pitt atakwambia hakuna sehemu ya mwili wake iliyogusa nyasi mbali na viatu vyake, na mtu ambaye hajateleza hawezi kusemwa ameteleza. Sheria haikusema lazima aguse chini. Ilisema aanze. Lakini ilitaka pia mwanzo huo uwe dhahiri, na magoti yaliyokunjwa kwa nusu sekunde yanaweza kuwa mwanzo wa mambo mengi: kukata kona, kujikwaa, kupunguza mwendo ili mlinzi apitilize.

Kuna jambo jingine linaloelemea mkono wa mwamuzi, na nje ya fani halizungumzwi sana. Filimbi iliyopulizwa kimakosa haina dawa. Ikishalia, mchezo umekufa, hata kama mwenye mpira alikuwa mzima na njia yake iko wazi hadi golini. Ndiyo maana waamuzi hufunzwa kwamba filimbi iliyochelewa ina nafuu kuliko iliyowahi, na kwamba wasipulize walichohisi bali walichokiona. Mwamuzi aliyemtazama Pickett usiku ule aliona mtu ameinama kisha ameinuka. Kwa maandishi aliyokuwa nayo mfukoni, ukimya wake unatetewa. Mimi nisingempa alama mbaya. Wanaosema refa aliiba mechi ile wanataka refa aadhibu nia, ilhali kitabu kilimpa kipimo cha kitendo.

Na hata neno kuiba ni kubwa mno kwa matokeo yale. Wake Forest hawakuvunjika moyo kwa bao lile. Robo ya kwanza iliisha wakiongoza 21 kwa 14. Baada ya hapo ndipo ulinzi wa Pitt ulipoanza kuzinasa pasi za kwotabeki wao, Sam Hartman, na Pitt wakafunga pointi 31 mfululizo bila jibu. Mechi ikaisha 45 kwa 21. Toa zile pointi 7, bado ni kipigo. Ninalisema hili kwa sababu lina maana kwa uchambuzi: kisa hiki kilibadilisha sheria bila kubadilisha bingwa. Kingetokea sekunde ya mwisho kwenye mechi ya tofauti ya pointi tatu, mjadala ungezama kwenye machozi na ushabiki, na hoja yenyewe isingeonekana.

Pickett, alipoulizwa baada ya mechi, hakujificha. Alieleza kwamba alikuwa ameanza kupunguza mwendo akijiandaa kuteleza, akaona miili ya mabeki nayo inalegea, akaendelea. Alisema hajawahi kufanya kitu kama kile. Ninamwamini. Ukitazama picha zile kwa mwendo wa polepole huoni mtu anayetekeleza mchezo uliochorwa ubaoni. Unaona mtu aliyebadili wazo katikati ya hatua kwa sababu mlango ulifunguka. Hilo halipunguzi tatizo. Linaliongeza, kwa sababu aliyegundua kwa bahati leo, wenzake watakifanyia mazoezi kesho.

Kocha wa Wake Forest, Dave Clawson, aliliona hilo kabla hajatoka uwanjani. Hoja yake kwa waandishi haikuwa kilio cha aliyefungwa. Alisema kwamba kama jambo lile linaruhusiwa, basi hata yeye angemwelekeza kwotabeki wake ajifanye anakwenda chini uwanja mzima, kwa sababu ulinzi wote unasimama. Akataka litazamwe. Hoja ya namna hii ni kali kuliko malalamiko, maana inauchukua uamuzi wa uwanjani kama ulivyo na kuuonyesha unakoelekea. Fikiria msimu wenye kwotabeki kumi wanaozuga kila wikendi. Wiki ya tatu mabeki wangeacha kusimama. Wiki ya nne angepatikana kijana aliyeteleza kwa dhati, akiwa ameketi chini mikono imekumbatia mpira, na mtu wa kilo 100 akamwingia kifuani kwa sababu alidhani anazugwa tena. Sheria ya kuteleza ingekuwa imekufa bila mtu kuifuta.

Desemba 9, siku tano tu baada ya mechi, Steve Shaw, aliyekuwa anasimamia sheria na uamuzi wa futiboli ya vyuo kitaifa chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, alitoa waraka kwa waamuzi wote. Ulisema kwamba wakati wowote mwenye mpira anapoanza, anapoigiza au anapozuga kuteleza miguu mbele, waamuzi wautangaze mpira umekufa mahali hapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: mkimbiaji amepewa njia ya kumaliza mchezo bila kugongwa, na kumruhusu azuge kunawaumiza mabeki wanaoambiwa walegeze. Agizo likaanza kutumika palepale, kwa mechi zilizobaki za msimu. Mwaka 2022 kuigiza kukaingizwa kwenye kitabu cha sheria chenyewe.

Hakuna adhabu ya yadi, ona. Anayezuga hatozwi chochote. Mpira unakufa tu pale alipozugia. Nadhani huu ndio ustadi wa waraka ule. Kama wangetoza yadi 15, mwamuzi angelazimika kuthibitisha udanganyifu, na tungerudi kwenye kuhukumu nia. Walichofanya ni kuondoa faida. Umeigiza kuteleza? Haya, umeteleza. Chukua yadi zako ulizofikisha, twende jaribio linalofuata.

Lakini waraka una kasoro yake ya kimantiki, na sijaona wengi wakiigusa. Ulikuja kama tafsiri, si sheria mpya. Sheria mpya hupita kwenye kamati na husubiri msimu uishe. Tafsiri maana yake ni kwamba sheria ilikuwa hivyo tangu awali, sisi tunaifafanua tu. Kama ilikuwa hivyo tangu awali, basi bao la Charlotte lilikuwa batili na waamuzi wanane walikosea. Kama bao lilikuwa halali, basi waraka ulitunga sheria katikati ya msimu kwa jina la ufafanuzi. Huwezi kuyashika yote mawili. Kwa mtazamo wangu jibu la kweli ni la pili, na NCAA walifanya vyema kutosubiri, ila ingekuwa uungwana kuwaambia waamuzi wa Charlotte hadharani kwamba walisimamia maandishi yaliyokuwa na tundu.

Tundu lenyewe linashangaza ukijua majirani zake. Katika ukurasa uleule wa sheria tayari kulikuwa na kifungu kinachosema mpira unakufa mwenye mpira anapoigiza kupiga goti chini. Kwotabeki hupiga goti ili kupoteza muda timu yake ikiongoza, na mabeki huacha kumkaba kwa heshima na kwa sheria. Upenyo wa kuzuga goti kisha kuendelea na mchezo ulikuwa umeshafungwa. Vivyo hivyo kwa anayepokea mpira uliopigwa teke juu. Akiashiria kwa mkono kwamba hatakimbia, wapinzani wanamwacha, na ishara isiyokamilika vizuri nayo inamnyima haki ya kukimbia. Waandishi wa sheria walikuwa wamelielewa somo mara mbili. Kwenye kuteleza waliliacha, nadhani kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mwili unaweza kuanza kuanguka ukaghairi.

Ndivyo vitabu vya sheria vya mchezo huu vilivyojengwa, tundu kwa tundu. Mwaka 1903 wanafunzi wa Carlisle, shule ya bweni ya vijana wa makabila ya asili iliyokuwa Pennsylvania, walicheza na Harvard. Kipindi cha pili kilipoanza walipokea mpira, wakajikusanya duara, wakauchomeka ndani ya jezi ya Charles Dillon, mgongoni, kisha wakatawanyika pande zote. Harvard wakawa wanamwangusha kila mtu isipokuwa Dillon, ambaye alikimbia mikono mitupu hadi golini. Kocha wao, Pop Warner, alikuwa ameiandaa jezi kwa kazi hiyo. Harvard walishinda hata hivyo, 12 kwa 11. Leo kuficha mpira ndani ya nguo ni marufuku kwa maandishi. Ujanja wa Dillon ninaupenda, nakiri, na marufuku yake naielewa pia. Mpira usioonekana haukabiki.

Kwa wapenzi wa soka kumbukumbu iliyo karibu zaidi na Charlotte ni ya Februari 1999, Arsenal na Sheffield United kwenye Kombe la FA. Mpira ulitolewa nje makusudi ili mchezaji wa Sheffield aliyeumia atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kuelekea kwa wapinzani, kama ilivyo desturi. Nwankwo Kanu, mgeni kwenye timu, akaufuata, akampa Marc Overmars, likawa bao la pili katika ushindi wa 2 kwa 1. Refa hakuwa na kifungu cha kulikataa. Arsène Wenger mwenyewe akaomba mechi irudiwe, ikarudiwa, wakashinda tena 2 kwa 1. Sheffield nao walikuwa wamesimama kwa kutii kitu. Tofauti ni kwamba wao walitii desturi, ambayo kocha anaweza kuilipa kwa hiari yake. Deni la mabeki wa Wake Forest lilikuwa la sheria yenye adhabu, na huko hiari ya Pat Narduzzi, kocha wa Pitt, isingesaidia kitu. Hakuna aliyetarajia aombe fainali irudiwe.

Miaka mitatu baada ya Charlotte, NCAA walilazimika kukimbia tena kwa waraka, safari hii kwa ujanja uliopikwa jikoni kabisa. Oktoba 12, 2024, Oregon wakiongoza Ohio State 32 kwa 31 zikiwa zimebaki sekunde 10, ulinzi wa Oregon uliingia na watu 12 badala ya 11. Pasi ikashindikana, adhabu ikawa yadi 5, lakini sekunde 4 zilikuwa zimeliwa na hazikurudi. Kocha Dan Lanning aliashiria baadaye kwamba hali ile walikuwa wameifanyia kazi. Ndani ya siku chache ikatolewa tafsiri: mwishoni mwa kipindi, timu iliyokosewa kwa namna hiyo inaweza kuchagua saa irudishwe. Kichekesho ni jinsi mechi ile ilivyoisha. Kwotabeki wa Ohio State, Will Howard, alikimbia na mpira na kuteleza miguu mbele, kwa dhati kabisa, saa ikiwa imeshafika sifuri.

Ukilinganisha visa hivyo viwili, cha Oregon ni hesabu iliyopigwa kwa makusudi na kinanisumbua kidogo zaidi kwa adabu ya mchezo. Cha Pickett kinanisumbua zaidi kwa hatari yake. Sekunde 4 zikipotea hakuna anayevunjika shingo.

Waraka wa 2021 haukumaliza kila kitu. Mwamuzi bado anatakiwa kumtofautisha anayezuga na anayejikwaa, na tangu hapo mkimbiaji anayetikisa mabega na kukunja magoti kwa chenga ya kawaida yuko hatarini kupulizwa akiwa mzima. Ni gharama halisi, ila ni ndogo: wanaoipata ni wale wenye mpira, ambao ndio waliopewa ulinzi huo.

Kilichobaki wazi ni mstari wa pembeni. Kwotabeki anakimbia kuelekea nje, anapunguza mwendo kama mtu anayetoka, beki analegea kwa kuogopa adhabu ya kumgonga nje ya uwanja, kisha jamaa anageuka na kuendelea mbele. Inafanyika, na hakuna sheria ya vyuo inayoizuia. Kuna wanaoitetea kwa kusema mstari umechorwa chini kwa chaki, kila mtu anauona, na beki anaweza kumgonga kihalali hadi mguu wake uuguse. Mimi sioni tofauti kubwa hivyo. Beki wa pembeni naye analegea kwa sababu ileile iliyowasimamisha wenzake Charlotte, na atakayeumizwa mabeki wakichoka kulegea ni kwotabeki ambaye kweli alikuwa anatoka nje.